KINA ‘YAN’ NA NYUNDO YA MHUNZI: Safari yangu Armenia kusaka asili ya jina

Wewe mpenzi wa soka, hebu nijibu swali la haraka haraka. Henrikh Mkhitaryan, yule aliyewafungia Manchester United bao la pili dhidi ya Ajax kwenye fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2017, jina lake linaishia na nini? Alain Boghossian, aliyebeba Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka 1998, je? Haya, tuuache mpira. Akina dada, Kim Kardashian mnamjua hata mkiwa usingizini. Mwanamuziki Cher naye alizaliwa akiitwa Cheryl Sarkisian. Na marehemu Charles Aznavour, mzee aliyewaliza Wafaransa kwa nyimbo za mapenzi mpaka alipofariki mwaka 2018, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Aznavourian.

Umeshaona mchezo? ‘Yan’, ‘yan’, ‘yan’. Ukikutana na mtu popote duniani, awe muuza dhahabu wa Dubai, fundi viatu wa Beirut au tajiri wa Los Angeles, jina likiishia hivyo wewe mkate tu ‘bingo’. Huyo ana asili ya Armenia.

Basi bwana, hiyo ‘yan’ ndiyo iliyonipandisha ndege pale Dubai Oktoba 2022 na kunishusha Yerevan, mji mkuu wa nchi yenye watu karibu milioni 3 tu. Sikwenda kutalii. Nilimsindikiza mshikaji wangu aliyekuwa na kesi na jina lake mwenyewe.

KASHESHE LA JINA

Mshikaji ni Mwarmenia wa Lebanon. Kazini tulikuwa meza moja, nyumbani Deira tulipanga chumba kimoja. Kiswahili chake ni maneno sita, na manne kati ya hayo hayaandikiki gazetini. Jina lake la kwanza naliweka kapuni. La ukoo ni Demirjian, na usijisumbue kumtafuta, maana wenye jina hilo duniani wamejaa kama kina Juma hapa kwetu.

Kazaliwa Bourj Hammoud, kitongoji cha Waarmenia kando ya Beirut, katika mtaa unaoitwa Nor Marash, yaani Marash Mpya. Marash ya kale iko Uturuki, na tangu mwaka 1973 inaitwa Kahramanmaraş. Babu yake mzaa baba yake aliingia Lebanon akiwa mtoto yatima, baada ya mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915, ambayo yanakadiriwa kuwamaliza Waarmenia hadi milioni 1.5. Mtoto yule hakuja na picha, hakuja na cheti, hakuja hata na nguo ya kubadilisha. Alikuja na jina.

Sasa jina lenyewe likageuka kasheshe. Mshikaji na mkewe walikuwa wanakamilisha karatasi za kuhamia Canada, na mama alikuwa mjamzito wa miezi sita. Baba yake mdogo, aliyetangulia huko Canada, alishalikata jina likabaki ‘Demir’. Alimwambia kwenye simu, “Mwanangu, fupisha. Huku wazungu hawana muda wa kutafuna silabi tatu. Ukiomba kazi na jina refu, barua yako inakwenda chini ya lundo.”

Rafiki zake wa Beirut nao wakaja na lao. Wakasema afadhali alibadilishe kabisa. Kwa nini? Kwa sababu ‘demir’ ni Kituruki, maana yake chuma, na ‘demirci’, inayotamkwa demirji, ni mhunzi. Wakamwambia, utamrithishaje mtoto neno la lugha ya wale waliomswaga babu yenu jangwani? Kiarmenia kina neno lake la mhunzi, ‘darbin’. Jiite Darbinyan, yaishe.

Kwa hiyo mezani kulikuwa na karata tatu: Demirjian zima, Demir kipande, au Darbinyan jipya. Na tumbo la mama lilikuwa halisubiri mjadala. “Kaka,” akaniambia siku moja tukipika wali, “siwezi kulitupa kitu ambacho sijui kilitoka wapi. Nina likizo ya wiki moja. Twende.”

‘YAN’ NI ‘WA KINA’

Kutoka Dubai ni mwendo wa saa tatu hivi angani. Yerevan ni mji wa mawe ya rangi ya waridi, na jioni jua likipiga kwenye uwanja wa Jamhuri, majengo yanakuwa kama yamepakwa hina. Mwaka ule Warusi walikuwa wamefurika kwa sababu ya vita ya Ukraine, na bei za vyumba zilikuwa zimepaa kama tiara. Tuliangukia kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipangisha chumba cha nyuma, mwalimu mstaafu, mkali wa kahawa. Kahawa yao ni ile nzito ya kikombe kidogo. Ukifumba macho unaweza kudhani uko barazani Unguja.

Mama huyu ndiye aliyetupa somo la kwanza. Akanitazama, akauliza kwetu tunasemaje tukitaka kutaja watu wa nyumba fulani. Nikamwambia tunasema ‘wa kina fulani’. Akapiga meza kwa furaha. “Ndiyo hiyo! ‘Yan’ ni hiyo hiyo!”

Tangu hapo kila jina likawa linanifungukia lenyewe. Petrosyan ni wa kina Petro. Poghosyan ni wa kina Paulo, na yule Boghossian wa Ufaransa ni huyo huyo Poghosyan, isipokuwa Waarmenia wa magharibi, waliotoka upande wa Uturuki, wanatamka ‘b’ pale wenzao wa mashariki wanapotamka ‘p’. Mkhitar ni mfariji, kwa hiyo Mkhitaryan ni wa kina Mfariji, na mashabiki wa Man U watakubali kwamba usiku ule wa 2017 aliwafariji kweli kweli. Kardashian ni wa kina Mchonga Mawe. Ukiona mbele ya jina kuna ‘Ter’ au ‘Der’, kama Levon Ter-Petrosyan aliyekuwa rais wa kwanza wa Armenia huru, ujue huko nyuma kuna babu aliyekuwa padri. Wala usishangae padri kuwa na wajukuu, mapadri wa parokia wa kanisa lao wanaoa.

Kisha kuna fungu la majina ya kazi, na hapa Mswahili unajikuta nyumbani. Kahvejian ni wa kina Muuza Kahawa. Sabunjian ni wa kina Mtengeneza Sabuni. Sarafian ni wa kina Mbadilisha Fedha, neno lile lile lililotuletea sisi ‘sarafu’. Terzian ni wa kina Mshona Nguo, na ukilifuata neno hilo mpaka Uajemi unakuta ndipo ilipotoka ‘darizi’ yetu. Maneno ya Kiarabu na Kiajemi yalipita kwao kwa njia ya misafara, yakapita kwetu kwa njia ya majahazi.

Wapiga ngoma wa bendi mnaijua Zildjian, matoazi yanayong’aa nyuma ya kila jukwaa kubwa. ‘Zil’ ni toazi kwa Kituruki, na familia hiyo ya Waarmenia ilianzia Constantinople, yaani Istanbul ya leo. Kampuni yao inajihesabia umri tangu mwaka 1623, na siku hizi iko Massachusetts, Marekani.

“Kwa hiyo,” mshikaji akauliza, “kina Demirjian wote ni ndugu?”

Mama akacheka. “Mwanangu, kila mji ulikuwa na mhunzi. Kina Mhunzi wa Marash, kina Mhunzi wa Sivas, kina Mhunzi wa Adana, hakuna mmoja anayemjua mwenzake. Jina peke yake halikupi mti. Litakupa tawi kama unajua mji, na kama unajua watu wa mtaani walikuwa wakiwaitaje.”

Mshikaji akanywea. Mji anaujua. La mtaani halijui.

JINA KWENYE TRENI YA CHINI

Asubuhi yake tukapanda treni ya chini ya ardhi. Nauli ilikuwa dramu 100 tu, bei ya pipi. Treni hizo zilianza kazi mwaka 1981, na mtandao wote umepewa jina la mtu: Karen Demirchyan. Alikuwa kiongozi wa chama wa Armenia ya Kisovieti tangu 1974 hadi 1988, akarudi kwenye siasa, akawa spika wa bunge, na tarehe 27 Oktoba 1999 watu wenye bunduki wakamuua ndani ya ukumbi wa bunge pamoja na waziri mkuu na wengine sita.

Mshikaji alisimama mbele ya maandishi akiyafuata herufi moja moja kwa kidole. Demirchyan ni jina lake yeye! Herufi iliyo katikati ni ile ile moja, ila watu wa mashariki wanaisoma ‘ch’ na wa magharibi wanaisoma ‘j’. Kijana aliyeambiwa jina lake ni la Kituruki na alifiche, anakuta mji mkuu wa taifa lake unapanda treni ya jina hilo kila siku kwenda kazini.

Cha kuchekesha zaidi, mwaka 1998 Armenia ilipata waziri mkuu aliyeitwa Armen Darbinyan. Yaani katika miaka ile ile siasa zao zilikuwa na wa kina Mhunzi wawili, mmoja wa Kituruki na mmoja wa Kiarmenia, na nchi ilikuwa moja.

Lakini dereva wa teksi aliyetupandisha mlimani hakukubaliana na haya. Kijana wa makamo yetu, kaoshwa na kunyolewa vizuri, muziki juu. Mshikaji alipojitambulisha, jamaa akashusha sauti ya redio. “Badilisha, ndugu yangu. Jina la Kituruki la nini? Mimi ningekuwa wewe ningeshakwenda kwa mwanasheria jana.” Sikumlaumu. Alikuwa anatupeleka Tsitsernakaberd.

Huko ndiko uliko mnara wa kumbukumbu ya 1915, uliojengwa mwaka 1967. Sindano ya mawe ya mita 44 inachoma mawingu. Pembeni mabamba 12 makubwa yameinama kama waombolezaji, na katikati moto hauzimwi. Pana ukuta wa mita 100 wenye majina. Si majina ya watu, ni ya miji na vijiji. Mimi herufi zao sizijui hata moja, kwa hiyo nilikuwa namtazama yeye tu. Alitembea taratibu, akafika mahali akasimama, akaweka kiganja. Sikumuuliza ni wapi.

Kule chini ya mlima, ng’ambo ya bonde, Ararat ulikuwa umejianika wote. Mita 5,137, theluji kichwani, ungesema Kilimanjaro umehamishwa. Mtu wa Moshi ataelewa kuamka na kuukuta mlima wako dirishani. Tofauti ni kwamba mlima wa Waarmenia uko upande wa Uturuki, na mpaka ulifungwa mwaka 1993. Unauona kila siku, na hata noti na chupa za konyagi wameuchora, lakini kuugusa mpaka uzunguke nchi nyingine.

KITABU CHA KILO 28

Siku ya tatu tukaenda Matenadaran, nyumba ya miswada ya kale. Mlangoni amekaa kwa jiwe Mesrop Mashtots, mtawa aliyewatengenezea Waarmenia alfabeti yao mwaka 405. Ndani kuna miswada zaidi ya 17,000. Mkubwa kuliko yote ni kitabu cha mahubiri cha Mush, kilichoandikwa kati ya mwaka 1200 na 1202. Kina kilo kama 28, sawa na mfuko wa unga na zaidi. Mwaka 1915 wanawake wawili waliokuwa wakikimbia kuuawa walikikuta, wakashindwa kukibeba, wakakigawa vipande viwili. Mmoja alifika na nusu yake salama. Mwingine alifia njiani, lakini aliwahi kuifukia nusu yake, na baadaye ikapatikana. Leo nusu zote mbili ziko pamoja pale.

Kilichomteka mshikaji ni kitu kingine. Waandishi wa kale walikuwa na desturi ya kuacha maneno mwishoni mwa kitabu: mimi fulani, mwana wa fulani, wa kijiji fulani, nimekiandika katika mwaka wa njaa au wa vita, msomaji nikumbuke. Kila mmoja anaomba jina lake lisifutike. Dada aliyetutembeza alisema kurasa hizo za mwisho ndizo wanahistoria wanazozikimbilia kwanza.

Mshikaji akaninong’oneza, “Baba yangu mdogo amelikata kwa ajili ya barua za kazi.”

Na si yeye wa kwanza kukata. Uturuki ilipotunga sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, kanuni zake zilipiga marufuku viambishi vya kigeni, ‘yan’ ikiwa mojawapo. Waarmenia waliobaki huko ikawabidi wachague majina mengine au wakatwe mkia. Hata bingwa wa lugha aliyemsaidia Atatürk kuijenga lugha mpya ya Kituruki alikuwa Mwarmenia, Agop Martayan, na yeye akapewa jina Dilaçar, maana yake mfungua lugha. Kule mkia ulikatwa na sheria. Canada hakuna sheria hiyo, mtu anaukata mwenyewe kwa mkasi wa nyumbani.

MZEE WA NORK-MARASH

Yerevan ina mitaa iliyopewa majina ya miji iliyopotea: Arabkir, Malatia, Sebastia, Zeytun, Marash. Wakimbizi walipofika walifanya kama watu wa Bourj Hammoud, wakaipanda miji yao upya kwa jina. Sisi tukapanda hadi Nork-Marash, vilima vya nyumba za chini na miti ya matunda, na kwa kuuliza uliza tukaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Marash.

Alitukaribisha chini ya mzabibu. Mkate wa lavash mwembamba kama kitambaa, jibini, komamanga. Kiarmenia cha mshikaji na cha mzee vilikuwa vinapishana kama Kimvita na Kiswahili cha bara, lakini walielewana. Mzee alipolisikia jina, akaanza kuongea Kituruki! Nilimwona mshikaji akishtuka.

“Unashangaa nini?” mzee akasema. “Marash watu wetu wengi walikuwa wanazungumza Kituruki majumbani. Hata Biblia walikuwa nayo ya Kituruki, imeandikwa kwa herufi za Kiarmenia. Mama yangu alisali Kiarmenia, akatutukana Kituruki. Hiyo lugha haikuwa ya serikali peke yake. Ilikuwa ya jikoni kwetu.”

Mshikaji akamweleza habari ya Darbinyan. Mzee alikaa kimya akimenya komamanga. Kisha akasema, “Darbinyan ni jina zuri. Lakini jina lililovuka jangwa na babu yako siyo hilo.”

Ndipo akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza. Babu huyo alikuwa na umri gani alipofika kituo cha yatima? Mshikaji akasema miaka mitano, labda sita. “Basi,” mzee akasema, “uliza nani alilitaja jina pale mezani. Mtoto wa miaka mitano anajua jina la ukoo? Anajua baba anaitwa baba.”

Historia ya majina ya yatima wale ni ya kusikitisha. Pale Antoura, kaskazini mwa Beirut, wakati wa vita watawala wa Ottoman walifungua kituo ambamo watoto wa Kiarmenia walinyang’anywa majina, wakapewa ya Kituruki na namba. Baada ya vita, katika vituo vya wafadhili, makarani waliwauliza watoto: wewe nani? Wapo waliojua kila kitu. Wapo waliojua jina la baba tu, likageuzwa la ukoo. Wapo waliojua kazi tu.

NYUNDO ZA GYUMRI

Mzee akatushauri twende Gyumri. “Huko wahunzi bado wapo. Angalau ukaone jina lako linavyofanya kazi.”

Gyumri uko kilomita kama 120 kutoka Yerevan, na treni ya asubuhi ilikuwa imejaa akina mama na vikapu. Ni mji uliobadilishiwa majina kama shati: Gyumri, kisha Alexandropol enzi za mfalme wa Urusi, Leninakan enzi za Wasovieti, na sasa Gyumri tena. Miaka ya 1920 Wamarekani wa shirika la Near East Relief walitunza hapo yatima zaidi ya 20,000, mji mzima wa watoto. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko likaupiga, na watu wapatao 25,000 wakafa katika eneo hilo la kaskazini. Makovu bado yanaonekana. Pamoja na hayo watu wa Gyumri ndio wachekeshaji wa taifa, utani haukauki mdomoni.

Na chuma, nakwambia! Milango, mageti, nguzo za vibaraza, vyote vimefuliwa maua na mizabibu. Ufundi huo mwaka 2023 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO, katika kikao kilichofanyika hapa hapa Afrika, Kasane, Botswana.

Karakana tuliyoingia ilikuwa ndogo, nyeusi ya moshi. Mhunzi, mtu wa miaka hamsini hivi mwenye mikono kama mizizi ya mwembe, alitutania kwanza. Alimwambia mshikaji, “Wewe ni wa kina Mhunzi na viganja laini namna hiyo? Babu zako wakikuona watakukana.” Akampa nyundo. Akatusimulia kwamba wahunzi wa kale walikuwa wakigonga fuawe tupu mara tatu au nne kila Jumapili, ili minyororo ya Artavazd, mfalme mkorofi aliyefungwa ndani ya Ararat, izidi kukaza asitoke akaiharibu dunia. Hadithi hiyo imo hata katika kitabu cha Movses Khorenatsi, baba wa historia yao.

Katikati ya shughuli, simu ya mshikaji ikaita. Ni shangazi yake wa Bourj Hammoud, bibi wa miaka zaidi ya themanini, ambaye mshikaji alikuwa amemtumia maswali tangu juzi. Akaweka sauti nje. Mhunzi hakuacha kugonga. Ting, ting, tang.

Shangazi akauliza, “Hiyo ni nini?”

“Nyundo, shangazi. Tuko kwa mhunzi.”

Kimya. Nilidhani simu imekatika. Kisha yule bibi akaanza kusema taratibu, na mshikaji akawa ananitafsiria kwa kipande kipande, mpaka ikafika mahali akashindwa kutafsiri.

Shangazi alisema: babu hakuwa na kumbukumbu ya sura ya baba yake. Alichokumbuka ni sauti. Mama yake alikuwa akimtuma na chakula cha mchana, naye alikuwa akiifuata sauti ya nyundo sokoni asipotee. Pale kituoni karani alipomuuliza jina la ukoo, hakuelewa swali. Alipoulizwa tena, baba yako ni nani, akajibu kwa lugha pekee aliyokuwa nayo: demirci. Mhunzi. Karani akaandika, akaongeza ‘yan’. Shangazi alikuwa analijua hilo miaka yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

JIBU LA MTOTO

Hapo ndipo asili ya jina ilipokuwa, msomaji wangu. Sisi tulikuwa tunaitafuta Marash, karne mbili nyuma, kwenye ukoo mkubwa wenye mti na matawi. Kumbe ilikuwa mezani Lebanon, kwenye mdomo wa mtoto wa miaka mitano. Huenda huko Marash ukoo ule ulikuwa na jina jingine kabisa. Hilo lilikwenda na waliokwenda. Lililobaki ni jibu la mtoto kuhusu baba yake, na Kituruki kilichomo ndani yake kilikuwa lugha ya mama yake akimkabidhi chakula apeleke.

Mshikaji alimrudishia mhunzi nyundo. Usiku ule, kwenye treni ya kurudi, alimpigia mkewe. Hakusema mengi. Alisema, “Zima. Tuliandike zima.”

Mtoto wa kike akazaliwa Januari 2023. Kwenye cheti ni Demirjian, herufi zote tisa. Baba yake mdogo kule Canada alinuna kidogo, baadaye akaomba atumiwe stori yote kwa maandishi. Wiki chache tu baadaye, tarehe 6 Februari, tetemeko likaipiga Marash ile ya Uturuki na maelfu wakafukiwa. Siku tano baadaye malori ya misaada kutoka Armenia yakavuka daraja la Margara kuingia Uturuki, mara ya kwanza mpaka ule kufunguka katika miaka 30. Mshikaji alinitumia picha ya malori hayo. Chini yake aliandika neno moja kati ya yale sita ya Kiswahili anayoyajua, moja ya mawili yanayoandikika: “Pole.” Sikujua anampa nani pole, Waturuki, Marash, au babu. Nadhani wote.

Mimi nami ilinibidi nijitazame. Bongo wengi wetu jina la tatu kwenye pasipoti ni la babu. Mwanangu akizaliwa, jina langu litakuwa la pili, la baba yangu litakuwa la tatu, na la babu litadondoka. Ndivyo tulivyozoea, wala si dhambi. Lakini nilipigia simu nyumbani nikauliza jina la babu lilikuwa na maana gani na nani alimpa. Baba akasema hajui, ila kuna shangazi yake mmoja bado yuko hai kule kijijini.

Nauli ya basi nimeshakata. Na wewe je, shangazi wa baba yako yuko wapi, na umeshamuuliza?